KIPOFU ALIYEITAMBUA NAMBARI: MAISHA YA LEONHARD EULER

Msomaji mpenzi, hebu tufanye hesabu kidogo kabla ya kuingia katika kisa chenyewe. Tuseme tarehe mosi Januari mtu anakupa shilingi 1. Tarehe mbili anakupa shilingi 2, tarehe tatu shilingi 4, tarehe nne shilingi 8, na kila siku anazidisha maradufu mpaka tarehe 31. Ukizijumlisha zote utakuwa na ngapi? Wengi watadhani ni elfu kadhaa tu. La hasha! Utakuwa na shilingi 2,147,483,647, yaani zaidi ya bilioni mbili. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba, ila hapa kibaba kimefurika na kumwagika.

Nambari hiyo ina historia. Kwa karne nzima na zaidi wataalamu wa Ulaya walibishana ni nambari ya aina gani. Mtu aliyekata shauri hilo alikuwa mzee wa miaka 65, tena kipofu. Jina lake ni Leonhard Euler, ambalo kwao hutamkwa kama Oila.

UTOTO NA MASOMO

Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 katika mji wa Basel, nchini Uswisi. Baba yake, Paul Euler, alikuwa mchungaji wa kanisa la Kiprotestanti, na mama yake, Marguerite Brucker, alikuwa binti wa mchungaji. Alilelewa Riehen, kijiji kilicho karibu na Basel. Baba yake alijua hesabu kiasi, kwa hiyo masomo ya kwanza ya mwanawe aliyafundisha mwenyewe nyumbani.

Akiwa na miaka 13 tu alijiunga na Chuo Kikuu cha Basel. Msishangae sana, kwani siku zile haikuwa ajabu kubwa kama ilivyo leo. Nia ya baba ilikuwa kijana asomee dini ili naye awe mchungaji. Lakini pale chuoni alikuwako mwalimu mmoja, Johann Bernoulli, ambaye alikuwa miongoni mwa mabingwa wa hesabu duniani. Bernoulli alikuwa mtu wa shughuli nyingi na alikataa kumfundisha Euler kila siku. Badala yake alimwelekeza asome vitabu vigumu peke yake, na kila Jumamosi alasiri aje na yale yaliyomshinda. Basi Euler alijitahidi wiki nzima ili Jumamosi aende na maswali machache iwezekanavyo. Muda si muda mwalimu alitambua kuwa huyu si mtoto wa kawaida. Alimwendea baba yake na kumsihi amwachie kijana njia ya hesabu. Baba akakubali. Hata hivyo, Euler hakuiacha dini. Maisha yake yote aliendelea kuwa mcha Mungu aliyesali pamoja na watu wa nyumbani mwake.

SAFARI YA URUSI

Mwaka 1727 Euler aliomba kazi ya ualimu katika chuo cha kwao Basel, akanyimwa. Mwaka uo huo alishiriki mashindano ya Chuo cha Sayansi cha Paris kuhusu namna bora ya kupanga milingoti ya meli. Euler alikuwa kijana wa nchi isiyo na bahari, lakini alitunukiwa nafasi ya pili! Akili ni mali.

Alipokosa kazi kwao alifunga safari hadi Saint Petersburg, mji mkuu wa Urusi wakati huo, ambako chuo kipya cha sayansi kilikuwa kimefunguliwa. Wana wawili wa mwalimu wake, Nicolaus na Daniel Bernoulli, walikuwa wametangulia huko, ingawa Nicolaus alifariki mwaka 1726 kabla Euler hajafika. Euler aliwasili Mei 1727, wiki ileile aliyofariki Malkia Catherine wa Kwanza, na mambo ya nchi yakawa shaghalabaghala. Alivumilia. Mwaka 1733 Daniel Bernoulli alirudi Uswisi, na Euler akarithi kiti chake cha uprofesa wa hesabu. Januari 1734 alimwoa Katharina Gsell, binti wa mchoraji. Mungu aliwajalia watoto 13, lakini 8 kati yao walifariki wakiwa wadogo. Jamani, huo ulikuwa msiba juu ya msiba.

Ni katika miaka hiyo Euler alipoanza kuvuma. Alitatua fumbo la madaraja saba ya mji wa Königsberg, ambapo watu walijiuliza kama mtu anaweza kutembea na kuvuka kila daraja mara moja tu bila kurudia. Euler alionyesha kuwa haiwezekani. Ile alama ya f(x) tunayoiandika darasani ilienezwa naye, na pia herufi e inayotumiwa katika logi asilia.

AINA ZA NAMBARI

Ili tuelewe kazi aliyoifanya kuhusu ile nambari yetu, yafaa tujue kwamba nambari nazo zina koo na milango kama watu. Kuna shufwa, yaani zile zinazogawika kwa 2, na kuna witiri, zisizogawika kwa 2. Kuna nambari tasa, ambazo hazigawiki kwa nambari yoyote ila 1 na zenyewe. Mifano ni 2, 3, 5, 7, 11 na 13. Zilizosalia ni zile zinazogawika, kama vile 12 au 15. Tena kuna nambari kamilifu, ambazo ukijumlisha vigawo vyake vyote, isipokuwa yenyewe, unaipata nambari ileile. Mfano ni 6, kwa sababu 1 + 2 + 3 ni 6. Nyingine ni 28, kwa sababu 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Nambari kamilifu ni adimu kama maziwa ya kuku.

Katika karne ya 17 aliishi mtawa Mfaransa aliyeitwa Marin Mersenne. Yeye alipendezwa na nambari zinazopatikana kwa kuzidisha 2 kwa yenyewe mara kadhaa, kisha kutoa 1. Ukichukua kipeo cha 2 unapata 3, kipeo cha 3 unapata 7, kipeo cha 5 unapata 31, na kipeo cha 7 unapata 127. Zote hizo ni tasa. Lakini usidanganyike! Kipeo cha 11 kinatoa 2,047, nayo hugawika: ni 23 mara 89. Kwa hivyo kila moja ni lazima ichunguzwe kivyake.

Mwaka 1644 Mersenne alichapisha orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa nambari tasa. Kipeo cha 31 kilikuwa katika orodha hiyo, na nambari yake ndiyo hiyo yetu, 2,147,483,647. Hata hivyo, Mersenne hakutoa uthibitisho. Kabla yake Mwitaliano Pietro Cataldi naye alikuwa amedai hivyo, lakini Cataldi alidai pia kuwa vipeo vya 23, 29 na 37 vinatoa nambari tasa, na vyote vitatu vikaonekana baadaye kuwa si kweli. Sasa shahidi aliyekosea mara tatu utamwaminije mara ya nne?

EULER AANZA KUVUNJA NAMBARI

Rafiki wa Euler aitwaye Christian Goldbach ndiye aliyemtia katika mambo haya. Mwaka 1729 alimwandikia barua kumuuliza kuhusu dai moja la Mfaransa Pierre de Fermat. Fermat aliamini kuwa nambari 4,294,967,297, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 32 ukiongeza 1, ni tasa. Ukitaka kujaribu kuigawanya ovyoovyo utazeeka. Euler hakufanya papara. Aligundua kwanza kwamba ikiwa nambari hiyo ina kigawo tasa, basi kigawo hicho ni lazima kiwe zidisho la 64 ukiongeza 1. Nambari tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, 641 na kuendelea. Alipofika kwenye 641, kumbe ndiyo! 641 mara 6,700,417 ni 4,294,967,297 kamili. Dai la Fermat, bingwa aliyeheshimiwa na wote, likaanguka mwaka 1732 kwa mkono wa kijana wa miaka 25.

Kwa njia kama hiyo alikivunja kipeo cha 29. Nambari yake ni 536,870,911, na vigawo vyake ni 233, 1,103 na 2,089. Chukua kalamu ukague. Tena tazama ajabu hii: ukitoa 1 katika kila kigawo, kinachobaki kinagawika kwa 58, ambayo ni 29 mara mbili. Hiyo haikuwa bahati nasibu, ni kanuni.

Lakini kipeo cha 31 kilikuwa kigumu kama mfupa wa koo. Mwaka 1752 Euler alimwandikia Goldbach kwamba yeye anazijua nambari kamilifu saba tu, na kuhusu kipeo cha 31 bado hajui kama nambari yake ni tasa au la. Wakati huo alikuwa na miaka 45 na sifa zake zilikuwa zimeenea Ulaya nzima. Hakuona haya kusema kuwa hajui.

BERLIN, NA KURUDI URUSI

Mwaka 1741 Euler alikuwa amehamia Berlin kwa mwaliko wa Mfalme Frederick wa Pili. Alikaa huko miaka 25 na kuandika kazi nyingi mno. Lakini yeye na mfalme hawakuwa chanda na pete. Mfalme alipenda watu wa maneno matamu na mzaha wa kifalme, na Euler alikuwa mtu mpole wa kawaida. Isitoshe, tangu mwaka 1738 jicho lake la kulia lilikuwa limepoteza nuru, na mfalme alimdhihaki kwa kumfananisha na lile jitu la jicho moja katika hadithi za Wayunani. Hujafa hujaumbika, lakini wakubwa wengine hulisahau neno hilo.

Mwaka 1766 Euler alikusanya jamaa yake na kurudi Saint Petersburg, ambako Malkia Catherine wa Pili alimpokea kwa heshima. Ole wake! Mara tu baada ya kufika, jicho la kushoto nalo likaanza kufunikwa na mtoto wa jicho. Mwaka 1771 alipasuliwa, akaona kwa siku chache na kufurahi, kisha jicho likaingia ugonjwa na giza likarudi kwa maumivu makali. Mwaka uo huo moto mkubwa ulizuka mjini na nyumba yake ikateketea. Euler, asiyeweza kuona njia, angeungua humo ndani kama si Peter Grimm, mtu wa kwao Basel, aliyejitosa ndani ya moto na kumtoa akiwa amembeba. Maandishi yake mengi yaliokolewa pia. Miaka miwili baadaye, mwaka 1773, mkewe Katharina akafariki.

Mtu mwingine angesema basi, sasa nimekwisha. Euler hakusema hivyo. Alikuwa na kumbukumbu isiyo kifani, na hesabu ndefu alizifanya kichwani. Husimuliwa kwamba wanafunzi wawili waliwahi kufanya hesabu ndefu wakatofautiana kwenye tarakimu ya hamsini, na Euler akairudia kimoyomoyo na kuwaambia ni nani aliyepata. Aliwatamkia wengine maneno, nao wakaandika. Kitabu chake cha aljebra alimtamkia kijana mmoja aliyekuwa fundi wa kushona nguo, na inasemekana kijana huyo alipomaliza kuandika alikuwa ameielewa aljebra yote. Baadaye mwanawe Johann Albrecht na vijana wengine wa chuo, kama Nicolas Fuss, walimsaidia. Karibu nusu ya kazi zake zote zilitoka katika miaka hiyo ya giza.

KITENDAWILI CHATEGULIWA

Ni katika hali hiyo, mwaka 1772, alipolirudia lile swali la zamani. Ili kuhakikisha kwamba 2,147,483,647 ni tasa, ni lazima ujaribu kuigawanya kwa nambari tasa zote hadi kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na kitu. Nambari tasa zilizo chini ya hapo ni zaidi ya 4,700. Hiyo si kazi ya mchezo hata kwa mwenye macho mazima.

Euler alifikiri kwanza. Kwa kanuni ile tuliyoiona, kigawo chochote tasa ni lazima kiwe zidisho la 62 ukiongeza 1, kwa kuwa 62 ni 31 mara mbili. Tena alionyesha kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 ni lazima kiache baki ya 1 au 7. Ukiziunganisha sheria hizo mbili, zinasalia nambari za namna mbili tu: zidisho la 248 ukiongeza 1, au zidisho la 248 ukiongeza 63. Hadi 46,340 nambari za namna hiyo hazifiki 400, na ukiziacha zile ambazo si tasa hubaki pungufu ya 100. Mlima ukageuka kichuguu!

Ya kwanza kati ya hizo ni 311. Gawanya uone: unapata 6,905,092 na baki ni 35. Haikugawika. Inayofuata ni 1,303, nayo pia haigawi. Zilijaribiwa hivyo moja moja hadi mwisho, na hakuna hata moja iliyogawa bila baki. Basi ikathibitishwa kuwa 2,147,483,647 ni nambari tasa. Matokeo hayo Euler aliyaeleza katika barua kwa Johann Bernoulli wa Tatu, ambaye alikuwa mjukuu wa yule mwalimu wake wa Jumamosi. Wema hauozi.

Nambari hiyo ikawa nambari tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana, na ikashikilia taji kwa zaidi ya miaka 75. Tena ilizaa matunda. Ukiizidisha kwa 1,073,741,824, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 30, unapata 2,305,843,008,139,952,128, na hiyo ni nambari kamilifu ya nane. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayepata kamilifu iliyo kubwa zaidi, kwani hakuna atakayejisumbua kuitafuta. Alikosea. Mfaransa Édouard Lucas alikithibitisha kipeo cha 127 mwaka 1876, na mwaka 2024 ilitangazwa nambari tasa ya ukoo huohuo wa Mersenne yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, iliyopatikana kwa kompyuta.

Na kompyuta zenyewe zinaijua vyema nambari ya Euler. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na nambari hii ikiandikwa kwa mtindo huo ni 1 thelathini na moja zilizofuatana. Ndiyo nambari kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika nafasi 32 ikiwa nafasi moja imetengewa alama ya kuongeza au kutoa. Mitambo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 katika nafasi hizo. Sekunde zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa za Kenya. Mitambo ambayo haitakuwa imerekebishwa itachanganyikiwa hapo.

MWISHO WAKE

Mwaka 1776 Euler alioa tena, akamchukua Salome Abigail Gsell, ndugu wa kambo wa marehemu mkewe. Aliendelea na kazi mpaka siku ya mwisho. Tarehe 18 Septemba 1783 asubuhi alimfundisha mjukuu wake hesabu, akafanya hesabu za kupaa kwa baluni, ambazo zilikuwa jambo jipya mwaka huo, kisha akazungumza na mwenzake kuhusu njia ya sayari ya Uranus, iliyokuwa imegunduliwa miaka miwili tu kabla yake. Jioni alishikwa na ugonjwa wa ghafla wa kuvuja damu kichwani, akaaga dunia akiwa na miaka 76. Kazi alizoziacha ni zaidi ya 800, na chuo cha Saint Petersburg kiliendelea kuchapisha maandishi yake kwa miaka mingi baada ya kuzikwa kwake.

Wanafunzi wenzangu, wako kati yetu wanaoona swali refu la hesabu na kufunga daftari papo hapo. Wengine hukimbilia kuhesabu kabla ya kufikiri, na karatasi inajaa wino bila jibu. Euler alipunguza majaribio 4,700 yakawa chini ya 100 kabla ya kugawanya hata mara moja. Tena swali lililomshinda mwaka 1752 hakulitupa. Alilirudia miaka 20 baadaye, macho yakiwa yamekwenda, akalimaliza. Kwa hivyo swali likikushinda leo, liweke alama, uliulize siku ya kumwona mwalimu, na ulirudie.